Diski ikifa, nani anaibadili?

Wasomaji wangu, mtaniwia radhi kwa kimya cha wiki tatu. Sikuumwa wala sikusafiri. Nilikuwa natafuta sauti ya marehemu, na mpaka leo sijaipata.

Kisa chenyewe ni hiki. Miaka miwili iliyopita nilimhoji mzee mmoja mstaafu wa bandarini, hapa hapa Dar es Salaam. Tulikaa barazani kwake Temeke karibu saa tatu, akanisimulia jinsi walivyobeba marobota ya katani kwa mabega enzi za ujana wake. Gazeti lilinipa nusu ukurasa tu. Rekodi nzima nikaiweka kwenye seva ya ofisi, kisha nikaifuta kwenye simu ili nipate nafasi. Mwezi uliopita mzee akafariki, nikaenda kuzika. Baada ya maziko bintiye akanifuata.

"Kaka, ile sauti ya baba bado unayo? Tungependa tuisikilize siku ya arobaini."

Nikamjibu bila hata kufikiri: "Ipo dada, ondoa shaka. Ipo kwenye seva ya ofisi, kule hakipotei kitu."

Haikuwepo. Jumatatu nilipomfuata fundi wetu wa kompyuta, alinitazama kwa huruma. Akanikumbusha lile kabati la diski lililokufa mwezi wa tatu. Wakati ule sisi waandishi tuliambiwa zimepotea "picha za zamani", tukaguna kidogo, kila mtu akarudi kwenye habari yake ya siku. Kumbe na rekodi zetu zilikuwa humo humo.

"Lakini si mlituambia hata diski ikifa, data haipotei?" nikamuuliza.

"Moja ikifa, haipotei," akajibu. "Ile ya kwanza ilikaa imekufa wiki sita, bro. Tulikuwa tunasubiri profoma tatu."

Wiki sita! Na mimi nilikuwa nikiiona ile taa. Chumba cha seva kina mlango wa kioo, na kila nilipokwenda kuchota maji ya kunywa niliiona taa moja ya rangi ya chungwa katikati ya taa za kijani. Siku moja niliuliza ni ya nini. Nikaambiwa, "Inashughulikiwa." Mimi ambaye kazi yangu ni kuuliza swali la pili, sikuliuliza.

Basi kwa hasira na aibu nikaanza kusoma. Nilitaka kujua ni nani aliyetuambia kwamba diski ikifa haina neno, na alikuwa na maana gani. Niliyoyakuta yamenishangaza kiasi cha kutaka kuwashirikisha.

Tuanze mwanzo. Mwaka 1956 kampuni ya IBM ilitoa mashine iliyoitwa RAMAC, iliyobuniwa katika maabara yake ya San Jose, California, na timu ya mhandisi Reynold Johnson. Ndani yake kulikuwa na sahani 50 zenye kipenyo cha inchi 24 kila moja, zikizunguka juu ya mhimili mmoja. Sahani zote hizo pamoja zilibeba herufi milioni 5, pungufu ya picha moja unayopiga leo kwa simu. Kabati lake lilikuwa na uzito wa zaidi ya tani moja, na mteja alikodishiwa mtambo mzima kwa dola 3,200 kwa mwezi. Mashine kama hiyo ikiharibika, unamwita fundi na kazi inasimama. Hakukuwa na njia nyingine.

Kwa zaidi ya miaka 20 iliyofuata, mawazo ya wakubwa wa kompyuta yalikuwa hayo hayo: tengeneza diski moja kubwa, ya gharama, imara, kisha uilinde kama mboni ya jicho. Mwaka 1980 IBM ilitangaza diski yake ya 3380, ya kwanza kuvuka gigabaiti moja. Ilikuwa na ukubwa wa jokofu.

Wapo waliokuwa na wasiwasi mapema. Kampuni ya Tandem, iliyoanzishwa mwaka 1974, iliuza kompyuta kwa wateja ambao kazi yao haiwezi kusimama, kama mabenki, na moja ya siri zake ilikuwa kuandika kila kitu kwenye diski mbili kwa wakati mmoja. Moja ikifa, nyingine inaendelea. Dawa nzuri, ila unalipia diski mbili ili utumie moja. Mwaka 1978 mhandisi wa IBM aitwaye Norman Ken Ouchi alipata hataza ya njia ya kurudisha data ya diski iliyokufa kwa kutumia zile zilizobaki. Wazo likawepo, lakini dunia haikulichangamkia.

Waliolichangamkia walikuwa watu watatu wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley: maprofesa David Patterson na Randy Katz, pamoja na mwanafunzi wao Garth Gibson. Wakati huo kompyuta ndogo za mezani zilikuwa zimeanza kuenea, na diski zake zilikuwa ndogo na za bei nafuu. Wakajiuliza: kwa nini tununue jokofu moja la IBM wakati tunaweza kupanga diski ndogo nyingi na kuzifanyisha kazi pamoja? Mwezi Juni 1988, katika mkutano wa wataalamu uliofanyika Chicago, wakatoa makala iliyolipa wazo hilo jina la RAID. Herufi ya I ilisimama badala ya neno la Kiingereza lenye maana ya "bei nafuu". Baadaye wauzaji, ambao hawakupenda bidhaa zao zihusishwe na bei nafuu, wakaligeuza kuwa neno lenye maana ya "zinazojitegemea". Biashara bwana!

Ila kulikuwa na tatizo, na wenyewe walilisema waziwazi. Diski moja walikadiria ingeishi kwa wastani saa 30,000, yaani miaka mitatu na ushei. Ukiziweka 100 pamoja, wastani wa kusubiri mpaka moja ife unashuka hadi saa 300. Hazifiki hata wiki mbili! Kwa hiyo mtu anayepanga diski nyingi lazima akubali jambo moja tangu siku ya kwanza: diski zitakufa, na zitakufa mara kwa mara.

Dawa yao ni hesabu ya darasa la pili. Chukua namba tatu: 3, 4 na 5. Jumla yake ni 12. Weka kila namba kwenye diski yake, na hiyo 12 uiweke kwenye diski ya nne. Diski yenye 4 ikifa, hujapoteza kitu, kwa sababu 12 ukitoa 3 ukitoa 5 unabaki na 4. Kompyuta hufanya hivyo kwa biti badala ya namba za kawaida, lakini akili ni hiyo hiyo. Diski mpya ikiingia, mashine inazisoma zilizobaki kuanzia mwanzo hadi mwisho, inapiga hesabu, na kuiandika upya data yote ya marehemu.

Nilipofika hapo nikakumbuka maziko ya yule mzee. Mnajua jinsi jeneza linavyokwenda makaburini. Halitui chini. Mtu akichoka, mwingine anaingia begani, yule wa kwanza anatoka, na msafara hausimami. Kubadili diski bila kuzima mtambo ni hivyo hivyo. Fundi anatazama taa ya chungwa iko kwenye tundu lipi, anahakikisha namba yake kwenye ripoti ya mtambo, anafungua kile kishikio, anaivuta kidogo na kusubiri sahani ziache kuzunguka. Halafu anaitoa, anasukuma mpya yenye ukubwa ule ule au zaidi mpaka isikike ikikaa, na kungoja taa ianze kupepesa kijani. Watu wanaotumia seva hawajui kama kuna aliyetoka wala aliyeingia.

Mwaka 1990 kampuni ya EMC ya Massachusetts ilitoa kabati lake la Symmetrix, kazi ya timu ya mhandisi Moshe Yanai. Lilijaa diski ndogo, likabeba gigabaiti 24, na likawekwa kwenye vyumba vya wateja wa IBM kushindana na majokofu ya IBM yenyewe. Soko likageuka. Makabati ya aina hiyo yalikuja kuwa na diski za spea zilizokaa ndani tayari, kama tairi la akiba lililokwisha kufungwa, zinazoanza kazi zenyewe bila kungoja mtu. Yakawekewa pia uwezo wa kumpigia simu mtengenezaji kwa modemu: nina mgonjwa, tundu namba fulani. Fundi angeweza kufika getini na diski mkononi kabla mwenye mali hajajua kwamba kuna kilichokufa.

Sasa ndugu zangu, hapa ndipo penye kiini cha mambo. Katika ile makala ya 1988 kuna hesabu ya umri wa mfumo mzima. Walichukua diski 100 za data, wakazigawa makundi ya diski kumi kumi, kila kundi likaongezewa moja ya ulinzi. Jibu walilopata ni kwamba mfumo kama huo ungekaa kwa wastani saa 820,000, zaidi ya miaka 90, kabla ya diski mbili za kundi moja kufa kwa pamoja na data kupotea. Miaka 90! Hiyo ndiyo ahadi iliyouza makabati dunia nzima.

Lakini tazama walichokiweka upande wa pili wa hesabu. Muda wa kubadili diski iliyokufa na kuijaza upya walikadiria kuwa saa moja.

Saa moja!

Nikachukua kikokotoo. Fomula yao ni nyepesi: muda wa kutengeneza ukiongezeka mara kadhaa, umri salama unapungua mara hizo hizo. Ukichelewa wiki moja, ambayo ni saa 168, ile miaka 90 inageuka kuwa kama siku 200. Kutoka umri wa babu hadi umri wa mtoto anayejifunza kukaa, kwa kuchelewa wiki moja tu. Sisi tulichelewa wiki sita. Kabati letu lilikuwa dogo, diski nane tu, kwa hiyo namba zake ni tofauti, lakini mwelekeo ni ule ule. Kwa maneno mengine, usalama haukuwa ndani ya kabati peke yake. Ulikuwa ndani ya kabati pamoja na mtu atakayekuja na diski mkononi.

Hata hili halikuwa geni. Mwaka 1985, miaka mitatu kabla ya RAID, mtaalamu wa Tandem aitwaye Jim Gray alichambua ripoti za kusimama kwa kompyuta za wateja wao, zile zile zenye kila kitu mbilimbili. Alikuta uharibifu wa vifaa unachangia asilimia 18 tu. Uendeshaji, yaani mikono ya watu wanaotunza na kurekebisha mitambo, ulichangia asilimia 42.

Kinachonifurahisha katika historia hii ni kwamba wawili kati ya wale watatu wa Berkeley walirudi wenyewe kuikagua kazi yao. Mwaka 2001, Aaron Brown, mwanafunzi wa uzamivu wa Patterson, aliwaweka watu mbele ya mitambo ya RAID, akawafundisha, kisha akawaulia diski moja moja waibadili. Kazi rahisi kabisa. Bado wapo waliochomoa diski nzima na kuiacha mbovu ndani! Ukifanya hivyo kwenye kundi lenye ulinzi wa diski moja, umeua wewe mwenyewe diski ya pili.

Mwaka 2007 Garth Gibson, akiwa Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon pamoja na Bianca Schroeder, alitoa matokeo ya uchunguzi wa diski kama 100,000 zilizokuwa kazini. Watengenezaji walikuwa wakiandika umri wa wastani wa saa milioni 1 hadi 1.5, ambao maana yake ni kwamba kwa mwaka zingebadilishwa chini ya asilimia 1. Wao walikuta asilimia 2 hadi 4 ni jambo la kawaida, na mahali pengine ilifika 13. Kibaya zaidi, vifo havikuwa vya kubahatisha kama hesabu ya 1988 ilivyodhani. Wiki yenye vifo vingi ilielekea kufuatwa na nyingine yenye vifo vingi. Diski za kabati moja mara nyingi zimenunuliwa siku moja, zinavuta joto moja, zinatikiswa na umeme mmoja. Mmoja akianguka, wenzake nao hawako mbali.

Mwaka huo huo wa 2007 wahandisi wa Google nao walichapisha uchunguzi wa diski zaidi ya 100,000 za kwao. Walikuta zaidi ya nusu ya zilizokufa hazikuonyesha hata moja ya zile dalili kuu walizokuwa wakizitegemea. Zilikufa kimya kimya.

Msidhani diski za kisasa zisizo na sahani zimeponya ugonjwa huu. Mwezi Novemba 2019 kampuni ya HPE iliwatahadharisha wateja kwamba baadhi ya diski zake za aina hiyo, kwa kosa la programu ya ndani, zingekufa zikifikisha saa 32,768 za kazi, yaani miaka 3, siku 270 na saa 8. Zilizofungwa pamoja zingekufa karibu kwa pamoja. Spea ingekusaidia nini hapo?

Na diski zinavyozidi kuwa kubwa, ndivyo maziko yanavyozidi kuwa marefu. Kuijaza upya diski ya terabaiti 20 huchukua karibu siku nzima hata kama kabati halina kazi nyingine, na likiwa na kazi huchukua siku kadhaa. Muda wote huo waliobaki wanabeba mzigo wao na wa marehemu, wakisomwa mpaka kona ambazo hazijaguswa kwa miaka. Ndiyo maana makabati makubwa yalihamia kwenye mpango wa kuvumilia vifo viwili badala ya kimoja, na wenye mitambo mikubwa zaidi wakaanza kutawanya vipande vya data kwenye seva nyingi tofauti. Kila hatua ya historia hii ni namna ya kununua muda kwa ajili ya mtu wa kubadilisha. Hakuna hata moja iliyomfuta.

Turudi kwetu. Baada ya kusoma haya nilikwenda tena kwa fundi, safari hii nikiwa na swali la pili. Akanionyesha barua pepe zake. Aliomba diski siku ile ile taa ilipowaka. Kwanza akaambiwa alete profoma tatu. Akazileta. Mwenye saini alikuwa safarini. Aliporudi, bei zilikuwa zimebadilika, zikatakiwa profoma mpya. Diski yenyewe haikufikia gharama ya posho za semina moja ya siku mbili. Jumapili moja alfajiri ya pili ikafa, na spea haikuwepo. Nakala ya pembeni nayo haikuwepo, kwa sababu mtu fulani mkutanoni aliwahi kusema, "Si tuna RAID?" RAID hukulinda na kifo cha diski ukiiwahi. Haikulindi na moto, mwizi, mtu aliyefuta faili kwa bahati mbaya, wala saini iliyo safarini.

Ningependa kuwalaumu mhasibu na mwenye saini na kuishia hapo. Lakini mimi nilipita mbele ya ile taa kwa wiki sita na chupa yangu ya maji. Ningeweza kunakili rekodi zangu kwenye flashi kwa dakika kumi.

Wiki iliyopita nilikwenda Temeke. Nilimpelekea yule dada nakala ya gazeti pamoja na daftari nililoandikia siku ile, maneno ya baba yake kwa mwandiko wangu mbaya. Nikamweleza ukweli wote. Alilipekua daftari polepole, akasoma mahali baba yake anapowataja wenzake wa zamu kwa majina ya utani, akacheka kidogo. Kisha akafunga.

"Haya kaka," akasema. "Sauti ndiyo tuliyoitaka."

Sikuwa na la kujibu.

Basi wewe unayesoma haya ofisini, iwe benki, hospitali, chuo au gazeti kama sisi, ukitoka kwenda kunywa chai pitia kwenye chumba cha seva. Ukiona taa ya chungwa, uliza imewaka lini. Ukiambiwa inashughulikiwa, uliza diski inafika siku gani na nani anaileta. Na kama kuna sauti ya mtu humo ndani, inakili leo.

Tukutane wiki ijayo.